Uzi: Laptopu ya kukaa nayo miaka, usisome "i7", soma namba inayofuata

Fundi wa Gerezani:

Wakuu, salaam.

Jumamosi alikuja mama mmoja ofisini kwangu, hapa mtaa wa Gerezani, Dar, na laptopu ndani ya mkoba wa kitenge. Mwanawe kaanza chuo mwaka huu. Wamechangishana ukoo mzima, mjomba katoa, shangazi katoa, wakanunua mashine yenye kibandiko cha Core i7 kinachong'aa pembeni ya kibodi. Kijana kaambiwa aweke Windows 11, mashine inagoma. Mama akaja akiamini kuna kitu kimekufa ndani.

Nikaiwasha, nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nikafungua sehemu ya "Performance", nikagusa CPU, yaani prosesa, ubongo wa mashine. Juu kulia pakasomeka Core i7-7500U. Chini yake, kori 2, yaani vichwa viwili vya kufanyia kazi. Nikamwambia, mama, mashine yako ni nzima. Ila Windows 11 imeiacha nje kwa sababu ya namba hiyo unayoiona hapo.

Akaniuliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike uzi huu: "Kwani huwezi kunibadilishia hicho kidude, niongeze hela kidogo?"

Nikafungua mfuniko wa chini, akaona mwenyewe. RAM, kumbukumbu ya kufanyia kazi, inachomoka kwa kutanua vishikizo viwili kwa kucha. SSD, diski ya kuhifadhia, imeshikwa na skrubu moja. Betri ina skrubu chache na waya mmoja. Hata feni inatoka. Kisha nikang'oa bomba la shaba la kupoozea, nikafuta pesti ya kijivu, nikamwonyesha prosesa yenyewe: kigae kinachong'aa kama kioo, kidogo kuliko kidole gumba. Hakina skrubu wala soketi. Kimechomelewa kwenye mazabodi, ubao mkuu wa mashine, kwa vinundu vya solda vilivyojificha chini yake. Kukibadili ni kubadili mazabodi nzima, na ukishapiga hesabu ya mazabodi na ufundi, unakuta ni afadhali ununue laptopu nyingine. Alinyamaza muda mrefu yule mama, na mimi sikuwa na la kumwambia.

Zamani, mpaka kizazi cha 4 cha Intel, watengenezaji wa hizi i3, i5 na i7, zilikuwepo laptopu ambazo prosesa yake inachomoka. Baada ya hapo mambo hayo yakaisha. Ndiyo maana mtu akija kwangu na bajeti ya kubana namwambia pesa ya kwanza iende kwenye prosesa. RAM ikiwa ndogo utaongeza mwakani. Diski utabadili, betri utanunua. Prosesa uliyoondoka nayo dukani ndiyo utakayokuwa nayo mpaka mwisho.

Sasa namna ya kuisoma.

Chukua i5-8250U. "i5" ni daraja tu, na daraja hilo lipo tangu zamani mpaka juzi, kwa hiyo peke yake halikwambii kitu. Namba ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: hapa ni 8. Kwa i5-1235U kizazi ni cha 12. Kwa i5-1135G7 ni cha 11, na nimeona watu wengi wakiikwepa hiyo wakidhani ni kizazi cha kwanza kwa sababu inaanza na 1. Intel haina kizazi cha kwanza chenye namba ya namna hiyo na G mwishoni. Ukiona tarakimu mbili za mwanzo ni 10, 11, 12 au 13, zisome pamoja.

Kwa nini nang'ang'ania kizazi cha 8? Kwa sababu mbili, na zote zimetokea kweli.

Ya kwanza ni ya Agosti 2017. Kabla ya hapo, prosesa zote za Intel zenye U mwishoni ambazo mnazikuta kwenye laptopu za kawaida, iwe i3, i5 au i7, zilikuwa na kori 2 na nyuzi 4. Uzi, kwa wasiojua, ni njia ya kazi: kori moja inaweza kushika kazi mbili kwa wakati mmoja, ndiyo zinahesabiwa nyuzi mbili. Yaani i7-7500U na i5-7200U zilikuwa na mwili uleule, tofauti kasi kidogo na jina. Kizazi cha 8 kilipokuja, i5-8250U ikapewa kori 4 na nyuzi 8 kwa umeme uleule wa wati 15. Kwa usiku mmoja i5 ya kizazi cha 8 ikawa na nguvu kuliko i7 ya kizazi cha 7. Wauzaji wengi hawakubadilisha lugha yao, wakaendelea kupanga bei kwa kufuata i5 na i7. Mimi mwenyewe 2018 nililipa zaidi kwa i7 ya kizazi cha 7 kwenye duka moja hapa mjini, huku mwenzangu akichukua i5-8250U kwa bei ya chini siku ileile. Yake bado anafanyia kazi. Yangu iliuzwa zamani, kwa hasara.

Ya pili ni ya Oktoba 2021, Windows 11 ilipotoka. Microsoft waliweka mstari: kwa Intel ni kizazi cha 8 kwenda juu, ukitoa prosesa chache sana za kizazi cha 7, tena TPM 2.0, kijisehemu cha usalama, iwepo. Halafu tarehe 14 Oktoba 2025 wakafunga msaada wa kawaida wa Windows 10. Kuna njia za kulazimisha Windows 11 kwenye mashine ya chini ya mstari huo, mafundi tunazijua, lakini Microsoft wenyewe wanasema hawaahidi masasisho kwa mashine za namna hiyo. Kama unafanyia mambo ya benki na kazi za watu, huo si msingi wa kujengea.

Kwa hiyo kwangu kizazi cha 8 ndiyo sakafu. Mwenye pesa kidogo zaidi namsukuma afike cha 11, kwa sababu ambayo wengi hawaijui: kuanzia hapo prosesa ina sehemu yake maalumu ya kufungua video za AV1, mfumo ambao YouTube wanautumia sana. Kwenye kizazi cha 8 video ya namna hiyo inafunguliwa kwa nguvu za kori zenyewe, feni inavuma, betri inakatika. Mwanafunzi anayesomea YouTube usiku umeme ukiwa umekatika ataiona tofauti.

Kizazi cha 12, cha mwanzoni mwa 2022, ndicho kilicholeta kori za aina mbili, kubwa za kazi nzito na ndogo za kazi za pembeni. i5-1235U ina kubwa 2 na ndogo 8. Mkiweza kufika hapo, fikeni, mtakaa nayo muda mrefu. Lakini angalieni: i7-1255U nayo ina kubwa 2 na ndogo 8. Zinatofautiana kasi kidogo na sehemu ya picha. Pesa ya kutoka i5 kwenda i7 hapo mimi ningeiweka kwenye RAM ya GB 16 bila kufikiria mara mbili.

Herufi ya mwisho. U ni ya wati 15 hivi, ndiyo ya watu wengi. P ni ya 28. H ni 45, ya michoro mikubwa, video na magemu. H ni nzuri, ila iwe kwenye mwili mnene wenye feni za maana. H iliyobanwa kwenye mwili mwembamba, ukaiweka kwenye chumba kisicho na AC hapa Dar mwezi wa pili, inapata joto dakika chache tu, inajipunguza kasi, na inabaki ikifanya kazi kama U huku ikila umeme zaidi. Y achaneni nayo.

Kuna hili la "mpya ya boksi", na hapa naomba wazazi wanisikilize. Laptopu mpya yenye Celeron N4020 ina kori 2, nyuzi 2, basi. Mara nyingi inakuja na RAM ya GB 4 iliyochomelewa na hifadhi ya GB 64 ya aina ya eMMC, ambayo nayo imechomelewa. Windows ikijisasisha mara mbili nafasi imekwisha. Iko kwenye boksi, ina harufu ya upya na warantii, mtoto anafurahi, na baada ya miezi sita inafungua Word kwa kusuasua. Bei hiyohiyo inapata ThinkPad T480 au Latitude ya Dell ya mtumba yenye i5 ya kizazi cha 8, RAM inaongezeka, diski inabadilika. Kwa nini tunanunua karatasi ya boksi?

Kama lazima iwe mpya na pesa ni ndogo, tafuta i3-1215U: kori kubwa 2, ndogo 4, nyuzi 8. Hiyo ni i3 ya heshima. N100 ina kori ndogo 4 tu, inatosha kwa barua na intaneti, usiiongezee mzigo.

AMD sasa, washindani wa Intel, prosesa zao zinaitwa Ryzen. Hapa ndipo macho yanatakiwa yawe makavu, kwa sababu kuanzia mfululizo wa 7000 walibadilisha mpangilio wa namba. Tazama tarakimu ya TATU, ndiyo inayokwambia Zen ya ngapi, yaani usanifu wa ndani; namba kubwa ndiyo mpya zaidi.

Ryzen 5 7520U: ya tatu ni 2. Ndani ni Zen 2, usanifu wa 2019. Kori 4.
Ryzen 5 7530U: ya tatu ni 3. Zen 3. Kori 6, nyuzi 12.
Ryzen 5 7540U: ya tatu ni 4. Zen 4.

Zote tatu kibandiko ni Ryzen 5, zote zinaanza na 7, na dukani zinaweza kuwekwa meza moja. Ile ya kwanza RAM yake ni ya kuchomelewa siku zote. Ya pili ni mashine ya kukaa nayo miaka. Tarakimu moja inakutenganisha. Hata kabla ya hapo walikuwa na mchezo huo: 5500U ni Zen 2, 5600U ni Zen 3. Ila 5500U ina kori 6, na kwa bei ya mtumba wala simkatazi mtu.

Nipo hapa, ulizeni.

Mhasibu wa Ilala:

Mkuu, shukrani sana. Nina swali la haraka. Kuna EliteBook 840 nyingi sana mjini, wengine wanaandika G3, wengine G5, bei zinapishana kama laki mbili. Hiyo G ndiyo kizazi?

Fundi wa Gerezani:

Hapana, na ni swali zuri. G ni toleo la HP wenyewe. G3 inakuja na prosesa ya kizazi cha 6, G4 cha 7, G5 na G6 kwa kawaida cha 8, G7 cha 10, G8 cha 11. Laki mbili kati ya G3 na G5 ni pesa halali kabisa, usiionee uchungu.

Ila usiishie kwenye jina la mashine. T480 zilitoka kiwandani nyingine zikiwa na prosesa za kizazi cha 7. Mwili uleule, jina lilelile. Washa, soma prosesa yenyewe.

Kipanga Mweusi:

Fundi, nakuheshimu, lakini naona unawatisha watu. Mimi natumia kizazi cha 4 mpaka leo, nimeweka Linux Mint (mfumo wa bure badala ya Windows), SSD na RAM GB 8. Naandika, nasoma, nalipa bili, naangalia mpira. Watu wakianza kutupa mashine nzima kwa sababu ya mstari waliochora Microsoft, hasara ni ya nani?

Fundi wa Gerezani:

Kaka, hapo tuko pamoja kuliko unavyodhani. Yule mama wa Jumamosi sikumwambia aitupe. Nimemwekea kijana Linux Mint pembeni ya Windows 10, nimemwonyesha LibreOffice, na kwa mwaka wa kwanza itamfikisha.

Ninachosema ni tofauti. Mashine uliyonayo itumie mpaka ichoke. Lakini pesa mpya, pesa inayotoka mfukoni leo, isiende kununua kizazi cha 6. Aliyenayo hana anachopoteza kwa kuendelea nayo. Anayenunua leo anaweza kupata cha 8 kwa kuongeza kidogo, au kwa kusubiri mwezi mmoja.

Na Linux si jibu kwa kila mtu. Anayesoma usanifu majengo akahitaji ArchiCAD, au aliye kazini na programu ya ofisi ya Windows tu, humsaidii kwa kumwambia aweke Mint.

Kipanga Mweusi:

Hapo sawa. Nimekuelewa.

Mwana wa Mvita:

Asalaam aleikum ndugu zangu wa Bara. Niko Mombasa, nafanya kazi ya kupiga picha na video za harusi. Nimeona MacBook Air M1 za mtumba bei imeteremka. Yafaa? Na je, zile MacBook Pro za Intel za 2019 ambazo ni rahisi zaidi?

Fundi wa Gerezani:

Waaleikum salaam ndugu yangu. M1 ilitoka Novemba 2020 na bado ina nguvu za kushangaza, haina hata feni, betri inakaa. Lakini RAM yake imo ndani ya kifurushi kimoja na prosesa, haiongezwi na fundi wa kawaida. Kwa video za harusi usichukue ya GB 8. Tafuta ya 16 hata kama itakuchukua wiki kadhaa kuipata. SSD nayo ndiyo hiyohiyo, kwa hiyo panga diski ya nje ya kuhifadhia kazi.

Za Intel kaa mbali nazo. Apple walitangaza 2025 kwamba mfumo wao wa macOS 26 ndiyo wa mwisho kukubali mashine za Intel, tena chache tu kati ya hizo. Urahisi wake umetoka hapo.

Mwana wa Mvita:

Shukran. Niliambiwa na muuzaji kuwa GB 8 ya Mac ni sawa na 16 ya Windows.

Fundi wa Gerezani:

Inajitahidi kwa kuazima nafasi kwenye SSD, ndiyo maana kwenye kazi nyepesi huoni shida. Ukiweka video ya 4K yenye tabaka tatu utaona. Na SSD inayoazimwa kila saa ndiyo hiyo isiyobadilishika. Usikubali.

Dada wa Takwimu:

Fundi, kaka yangu yuko Muscat, anataka kunitumia laptopu yenye Snapdragon X. Anasema betri inakaa siku nzima. Mimi natumia SPSS, Excel, na printa ya zamani ya ofisini.

Fundi wa Gerezani:

Betri hajakudanganya. Snapdragon X ziliingia sokoni katikati ya 2024 na kwa kukaa na chaji ni nzuri mno. Lakini hiyo si Intel wala AMD, ni ARM, lugha nyingine kabisa kwa ndani. Programu nyingi za kawaida za Windows zinafanya kazi kwa kutafsiriwa papo hapo, zingine polepole kidogo. Kisichotafsirika ni draiva, ile programu ndogo inayounganisha Windows na kifaa. Printa ya zamani ambayo mtengenezaji hakuitolea draiva ya ARM inaweza kugoma moja kwa moja, na hakuna ufundi wa kuibembeleza.

Muulize kaka yako kama anaweza kupata yenye Ryzen au Intel kwa bei hiyohiyo. Kwa kazi yako wewe, dada, utalala usingizi.

Kijana wa Mbagala:

Vipi kuhusu hizi za AI mkuu? Zina NPU. Nisiponunua nitaachwa?

Fundi wa Gerezani:

Microsoft wanazipa jina la Copilot+ zile ambazo NPU yake, sehemu ya prosesa ya kazi za AI, inafika TOPS 40 (kipimo cha kasi yake), RAM GB 16 kwenda juu. Kazi zinazoitegemea NPU hiyo kwa sasa ni chache, na ChatGPT na wenzake unaowatumia wewe wanafanya kazi kwenye kompyuta za huko kwao, hata simu inakutosha. Usilipe ziada kwa ajili ya NPU peke yake.

Ila kwenye hizo mpya kuna la kuangalia. Core Ultra zenye namba 200 na V mwishoni, kama 226V, RAM yake imo kwenye kifurushi cha prosesa kama Mac. Unachonunua siku hiyo ndicho hichohicho. Na majina yamebadilika, ile "i" imeondoka. Core 7 150U ya 2024 ndani ni ndugu wa kizazi cha 13. Usihesabu 7 ukadhani umepata kitu kipya kabisa.

Mhasibu wa Ilala:

Narudi tena mkuu. Nimepata G8, i5-1135G7, RAM GB 8. Ila nikiangalia sehemu ya picha inaandika Intel UHD, wakati mtandaoni wanasema prosesa hii ina Iris Xe. Nimeuziwa feki?

Fundi wa Gerezani:

Hapana, tulia. Una kijiti kimoja cha RAM. Prosesa hiyo inahitaji RAM mbili zifanye kazi pamoja ndipo sehemu yake ya picha ipate njia mbili za kupitishia data. Ikikuta moja inajitambulisha kama UHD. Ongeza kijiti cha pili cha GB 8, uiwashe, utaona jina limebadilika lenyewe na mashine imechangamka. G8 ina nafasi mbili za RAM, kwa hiyo usitupe hicho ulichonacho.

Mhasibu wa Ilala:

Kesho naleta kijiti. Mungu akubariki.

Mlezi wa Watatu:

Fundi, samahani kwa usumbufu, niko dukani SASA HIVI. Nimemsindikiza binti yangu, anaanza kozi ya kompyuta. Latitude 5420, i5-1145G7, RAM 16, SSD 256. Muuzaji anasema haijaguswa. Niangalie nini?

Fundi wa Gerezani:

Dada, umeshika mashine nzuri. Fanya hivi kwa utaratibu, usikimbizwe.

Izime, iwashe huku unagonga F2 mpaka iingie BIOS, menyu ya mashine yenyewe kabla ya Windows. Ikidai nenosiri, mrudishie na uondoke, hata kama bei ni ya kutupa. Isipodai, soma jina la prosesa humo ndani. Maandishi ya ndani ya Windows mtu anaweza kuyachezea, ya BIOS ni vigumu.

Ukirudi Windows, Ctrl, Shift, Esc. Hakikisha kori 4, nyuzi 8, ambazo pale wanaziita "Logical processors". Iache chaja ikiwa imechomekwa, fungua video tatu za YouTube kwa pamoja, kaa dakika kumi ukitazama kasi ya GHz. Ikipandapanda na kushuka hakuna shida. Ikidondoka chini ya 1 na kung'ang'ania hapo, ama feni imeziba vumbi na pesti imekauka, ama chaja si yake. Dell ikiwa haiitambui chaja inajibana kasi makusudi. Omba chaja nyingine ujaribu kabla ya kuilaumu prosesa.

Mwisho andika cmd kwenye kitafutio, ifungue, kisha andika powercfg /batteryreport. Itakutengenezea ripoti, fungua hilo faili kwenye kivinjari. Nitajie "Design capacity" na "Full charge capacity".

Mlezi wa Watatu:

BIOS imefunguka, haina nenosiri. i5-1145G7 imeandikwa humo. Kori 4, nyuzi 8. Kasi inacheza 2 na kitu mpaka 3 na kitu, dakika kumi zimepita, feni inavuma kidogo. Ripoti: ya kwanza 63,000. Ya pili 41,200. Muuzaji anasema tukiringa kuna mtu mwingine anaitaka.

Fundi wa Gerezani:

Betri imebaki na theluthi mbili hivi. Mwonyeshe hizo namba mbili kwenye skrini, mwambie akupunguzie bei ya betri. Akikataa, bado ichukue. Betri hiyo ni skrubu chache, siku ikichoka mlete binti hapa Gerezani tumfundishe kuibadilisha mwenyewe.

Mlezi wa Watatu:

Kapunguza elfu arobaini. Tumelipa. Binti anauliza kama aje na bisibisi yake.

Fundi wa Gerezani:

Aje nayo. Ya nyota nne, ndogo.